Al-Khwarizmi na somo nililofeli



Ndugu zangu, wahariri wa jarida letu waliniomba niandike maisha ya mwanazuoni mmoja wa zamani, kwa sababu kila mwaka tunapowapokea wanafunzi wapya hawakosekani wanaouliza kama masomo ya kompyuta yana uhusiano wowote na dini yao. Nimemchagua Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Si kwamba namfahamu kuliko wengine. Nimemchagua kwa kuwa nilifeli somo lenye jina lake, kisha yeye huyo huyo akanionyesha kosa nililolifanya nyumbani kwetu, kosa ambalo lingemdhulumu bibi yangu.

Mwaka wa kwanza wa shahada ya teknolojia ya habari somo linalotisha ni algoridhimu. Kwetu hapa linafundishwa kwa Kifaransa, na kompyuta za chumba cha mazoezi hazitutoshi, kwa hiyo kazi nyingi tunaziandika kwenye karatasi. Unaandika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu unajifanya wewe ndiye kompyuta na kuzifuata moja moja kuona zinakufikisha wapi. Zangu zilikuwa zikizunguka bila kukoma. Nilipata 6 juu ya 20, nikarudi kikao cha pili cha mitihani, nikapata 9. Mwaka uliofuata nikakaa tena na wadogo zangu kusikiliza yale yale. Nyumbani Buyenzi nilimwambia baba kwamba nafikiria kuacha chuo nikauze vipuri vya magari kama vijana wengine wa mtaa. Baba hakunijibu. Alikuwa na hakika kwamba nitachoka kusema.

Mwalimu aliyetufundisha mara ya pili ndiye aliyetaja kwa kupita kwamba neno lenyewe ni jina la mtu. Hakusema zaidi. Wenzangu wasio Waislamu waliandika wakaendelea. Mimi niliona haya kidogo, maana nilikuwa nimelitamka neno lile mwaka mzima kwa Kifaransa bila kujua kuwa nyuma yake kuna Muhammad.

Basi huyu Muhammad bin Musa alizaliwa takriban mwaka 780 Miladia. Al-Khwarizmi ni nisba, kama tunavyosema al-Barwani au al-Bukhari, na inaelekeza kwenye Khwarizm, nchi ya chini ya Bahari ya Aral ambako mto Amu Darya ulikuwa ukimwaga maji yake. Leo eneo hilo limegawanywa kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Maisha yake tunayoyajua yote, hata hivyo, ni ya Baghdad. Mji ule ulikuwa mchanga bado, Khalifa al-Mansur alianza kuujenga mwaka 762, kwa hiyo al-Khwarizmi na Baghdad walikua pamoja. Karatasi ilikuwa imeanza kutengenezwa mjini, na vitabu vikawa rahisi kunakiliwa kuliko wakati wa ngozi. Vitabu vya Wagiriki, Wafursi na Wahindi vilikuwa vinatafsiriwa kwa Kiarabu.

Khalifa aliyemlea kielimu ni al-Ma'mun, mwana wa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha kubwa ya vitabu na waandishi karne moja na nusu baadaye, anasema al-Khwarizmi alikuwa ameambatana na hazina ya vitabu ya al-Ma'mun, ile iliyoitwa Nyumba ya Hekima. Kina Banu Musa, ndugu watatu mabingwa wa mitambo, na al-Kindi mwanafalsafa walikuwa wa zama zake. Sisi katika mihadhara yetu hupenda kumsifu al-Ma'mun kwa mapenzi yake ya elimu, na anastahili. Lakini tusisahau kuwa ni yeye aliyeanzisha mwaka 833 ule mtihani wa kuwalazimisha maulamaa waseme Qur'ani imeumbwa, uliomtia Imam Ahmad bin Hanbal kwenye minyororo. Mtu mmoja alifungua milango ya vitabu na ya jela. Mimi hujifunza kumtaja kwa yote mawili.

Wapo waandishi wanaodai kwamba al-Khwarizmi alikuwa Mmajusi, kwa sababu Tabari katika tarikh yake anamtaja kwa lakabu hiyo. Lakabu ya aina hiyo huweza kumfuata mtu kutoka kwa babu zake. Mwenyewe alifungua kitabu chake kikubwa kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume (S.A.W.), na anayetaka kumtoa katika umma wetu aanze kwa kuusoma ukurasa huo.

Kazi ya kwanza niitaje ile ya nyota, kwa sababu ndiyo iliyompa jina katika zama zake mwenyewe. Wahindi walikuwa na elimu ya majedwali ya sayari iliyofika kwenye kasri la Baghdad siku za al-Mansur. Al-Khwarizmi alitunga juu ya msingi huo majedwali yake, Zij al-Sindhind, ya mwendo wa jua, mwezi na sayari tano zinazoonekana kwa macho. Anayetaka kujua mwezi utakuwa wapi tarehe fulani hakuhitaji kufikiri upya. Alifungua jedwali, akachukua namba, akajumlisha. Yananasibishwa kwake pia majedwali ya mwanzo kabisa ya nyakati za swala yanayojulikana, yaliyopigwa kwa latitudo ya Baghdad. Ile programu ya adhana iliyo kwenye simu yako inafanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila jedwali limefichwa usilione.

Alitunga pia kitabu cha sura ya dunia, chenye majina ya mahali 2,400 hivi, miji, milima, bahari, visiwa na mito, kila kimoja na longitudo na latitudo yake. Msingi wake ulikuwa kitabu cha Ptolemy wa Iskandaria, lakini hakukinakili kwa upofu. Ptolemy aliirefusha mno Bahari ya Kati, akaipa digrii zaidi ya 60 kutoka mashariki hadi magharibi. Al-Khwarizmi akaipunguza hadi takriban 50, akakaribia ukweli. Nakala ya kitabu hiki iliyoandikwa mwaka 1037 ipo Strasbourg, Ufaransa, na ndani yake imebaki ramani ya mto Nile. Nilipoiona kwenye kompyuta ya maktaba nilimwita rafiki yangu aje aangalie. Mto unaanza chini kusini katika Mlima wa Mwezi, vijito vinaingia kwenye maziwa, maziwa yanatoa mto. Sisi tuliozaliwa Burundi tumepelekwa na shule hadi Rutovu kutazama ile chemchemi ndogo ya kusini kabisa ya Nile yenye piramidi juu ya kilima. Mtu wa Baghdad hakufika huku, na mlima wake ni wa kupokea kwa waliomtangulia. Lakini alikuwa anatuelekea.

Kitabu cha tatu ni cha hesabu za Kihindi. Hapa naomba niwasahihishe wenzangu wa chama, maana katika wiki ya Uislamu chuoni huwa tunabandika mabango yanayosema al-Khwarizmi alivumbua sifuri. Hakuvumbua, na hakudai. Tarakimu tisa na duara dogo la kushikilia nafasi tupu zilitoka India, na yeye alilisema hilo waziwazi. Alichofanya ni kuandika jinsi ya kuzitumia: namna ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa, kutafuta kipeuo, hatua kwa hatua, hata asiye na akili ya hesabu akizifuata atafika. Wakati huo watu walihesabu juu ya ubao uliotandazwa vumbi, wanaandika kwa kidole na kufuta kadiri wanavyoendelea. Namba ya zamani inafutwa, mpya inakaa mahali pake. Mwalimu wetu alituambia kuwa hivyo ndivyo kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kwa vigeu vya programu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipoelewa kigeu ni nini. Nilikuwa nafikiri ni sanduku linalojaa. Kumbe ni vumbi.

Matini ya Kiarabu ya kitabu hiki imepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini za karne ya 12, na moja ya nakala hizo inaanza kwa kutaja kwamba Algorizmi amesema. Watafsiri hawakuweza kulitamka jina, wakalipinda. Wasomaji wa Ulaya waliokuja baadaye hawakujua tena kuwa ni mtu, wakadhani ni jina la njia yenyewe ya kuhesabu kwa tarakimu mpya. Hivyo ndivyo nisba ya mtu wa Khwarizm ilivyogeuka kuwa algoridhimu. Tarakimu zenyewe hazikupokewa kwa urahisi: mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuziandika katika daftari zao.

Nimekiacha mwisho kitabu kilichonigusa, kile cha al-jabr na al-muqabala, alichomwandikia al-Ma'mun. Katika utangulizi anaeleza kuwa Khalifa alimhimiza atunge kitabu kifupi cha mambo mepesi na yenye faida katika hesabu, yale ambayo watu hawaachi kuyahitaji katika mirathi, wasia, mgawanyo wa mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Zingatieni orodha hiyo. Mirathi imetangulia.

Al-jabr ni neno la kuunga kilichovunjika. Waarabu walimwita muunga mifupa kwa jina la asili hiyo hiyo, na wanaosoma tafsiri ya Al-Jabbar katika majina matukufu ya Allah (S.W.) watakuta maulamaa wanaitaja maana ya kuunga pamoja na ile ya kutenza nguvu. Katika hesabu maana yake ni hii: ikiwa upande mmoja wa mlinganyo kuna kitu kilichopunguzwa, unakirudisha, ukamilike, na upande wa pili unaongeza kiasi hicho hicho. Al-muqabala ni kukabilisha: vitu vya jinsi moja vikiwa pande zote mbili, unaviondoa sawasawa mpaka vibaki upande mmoja tu. Kwa mambo hayo mawili alionyesha kwamba kila swali la aina ile, liwe limekujaje, linaweza kurudishwa kwenye moja ya sura sita. Ukishaijua sura, unafuata hatua zake.

Hana alama yoyote. Hakuna x, hakuna ishara ya kujumlisha, hata namba anaziandika kwa maneno. Kisichojulikana anakiita kitu, au mzizi, na kikizidishwa kwa chenyewe anakiita mali. Ndiyo, mali yetu hii. Nilicheka nilipoliona, kwa kuwa kitabu kile kilijaa maneno ambayo bibi yangu, asiyejua hesabu ya darasani, anayatumia kila siku sokoni: hesabu, mali, nusu, thuluthi, sita, saba, tisa. Swali lake mashuhuri linauliza ni mali gani ambayo ukiijumlisha na mizizi yake kumi unapata dirhamu 39. Anakuamuru uchukue nusu ya ile kumi, yaani 5, uizidishe kwa yenyewe, ni 25, uiongeze juu ya 39, ni 64, utoe kipeuo chake, ni 8, uondoe ile 5. Inabaki 3. Ndio mzizi, na mali ni 9. Kisha hakuachi uamini tu. Anachora mraba, anaubandikia mistatili pembeni, anaonyesha pembe inayokosekana na kuijaza, na unaona kwa macho yako kwa nini ile 25 iliongezwa. Nilikaa na mchoro ule usiku mmoja wakati umeme umekatika, kwa mwanga wa simu. Nilichokosa katika somo nililofeli kilikuwa hicho. Nilikuwa nakariri hatua bila kuuona mraba.

Nilifaulu mara ya pili kwa 14. Na kama mjuavyo, aliyefaulu jana leo ni fundi.

Mwaka huo babu yangu mzaa baba alifariki, Allah amrehemu. Aliacha mjane, ambaye ndiye bibi, wanawe wawili wa kiume, yaani baba na baba mdogo, na binti mmoja, shangazi yangu. Aliacha fedha taslimu faranga 8,000,000 baada ya gharama za mazishi na baada ya kulipa aliokuwa akidaiwa. Hakuwa na wasia. Nyumba tuliiweka kando, maana bibi anaishi humo na wote waliridhika. Mimi nilikuwa nimeandika programu ya mirathi kama kazi ya darasa, na maalim wa madrasa yetu alinisaidia kwenye mafungu. Nikaona hii ndiyo fursa. Nikaingiza majina, nikabonyeza, nikachapisha karatasi yenye jedwali zuri, nikaisoma mbele ya familia baada ya swala ya Isha.

Hesabu ilikuwa hivi. Mjane ana thumuni kwa kuwa kuna watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ukitafuta namba inayokubali yote unapata 40: bibi 5, baba 14, baba mdogo 14, shangazi 7. Kila fungu faranga 200,000. Bibi apate 1,000,000, kila mwana 2,800,000, shangazi 1,400,000. Jumla ikatimia 8,000,000 bila kupungua faranga moja. Baba aliniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia tangu nilipofeli. Bibi akaikunja karatasi akaitia kwenye kibindo.

Wiki mbili baadaye, kabla fedha hazijagawiwa, nilikuwa naendelea kukisoma kitabu cha al-Khwarizmi katika tafsiri ya Kiingereza ya Frederic Rosen, iliyochapwa London mwaka 1831 kutokana na nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa Oxford. Kiingereza changu ni cha kuparamia, ndiyo maana nilichelewa kufika nusu ya pili. Wengi wanaokisifu hawafiki huko. Nusu ya pili ni mirathi na wasia, kurasa kwa kurasa. Na swali la kwanza kabisa la mlango huo ni hili: mtu amefariki, ameacha wana wawili, ameusia thuluthi ya mali yake kwa mtu baki, ameacha dirhamu 10 mkononi, na mwana mmoja anadaiwa na marehemu dirhamu 10.

Nilihisi tumbo limenipoa. Baba mdogo alikuwa amekopa faranga 2,000,000 kwa babu, za kuongezea mtaji wa duka. Kila mtu nyumbani alijua. Liko kwenye daftari la babu, na sahihi yake chini. Programu yangu ilikuwa na nafasi ya deni ambalo marehemu anadaiwa. Deni ambalo marehemu anamdai mrithi wake halikuwa na nafasi popote, kwa hiyo halikuulizwa, kwa hiyo halikuingizwa. Na karatasi ikatoka safi, jumla imetimia.

Al-Khwarizmi anaendaje katika swali lake? Deni ni kubwa kuliko fungu la mdaiwa, na mkononi kuna 10 tu, kwa hiyo hawezi kulihesabu lote kana kwamba lipo. Anachukua sehemu ile tu ya deni inayolingana na fungu la mwana huyo, na kwa kuwa haijulikani bado, anaiita kitu. Mali inakuwa 10 na kitu. Anaondoa thuluthi ya wasia, anagawa kinachobaki kwa wana wawili, na kila mmoja anapata 3 na theluthi moja, pamoja na theluthi ya kitu. Lakini fungu la mdaiwa ndilo kitu chenyewe. Ukikabilisha, kitu ni 5. Mtu baki anapata 5, mwana asiyedaiwa 5, na mdaiwa amekwisha chukua 5 yake ndani ya deni. Kilichobaki cha deni nawaachia mafaqihi. Nilichokitazama ni kwamba mtu wa miaka 1,200 iliyopita aliweka mlangoni kabisa mwa hesabu za mirathi ile hali ambayo mimi, mwenye kompyuta, sikuiwazia.

Yetu ilikuwa nyepesi kuliko yake, kwa sababu fungu la baba mdogo lilizidi deni. Mali haikuwa 8,000,000, ilikuwa 10,000,000. Fungu moja si 200,000 bali 250,000. Bibi ana 1,250,000, baba 3,500,000, shangazi 1,750,000, na baba mdogo 3,500,000 ambazo 2,000,000 tayari anazo, achukue taslimu 1,500,000. Kwa karatasi yangu ya kwanza bibi angepoteza 250,000, shangazi 350,000 na baba 700,000, na zote 1,300,000 zingekaa kwa baba mdogo, kwa idhini ya programu yangu.

Nilikwenda kwanza kwa maalim. Aliisoma karatasi, akanitazama, akasema kosa ni lake pia, kwani yeye alidhani familia imeshalimaliza lile deni ndiyo maana sikulitaja. Kisha nikaenda kwa baba. Yeye alikuwa analijua deni muda wote. Alinyamaza ili asionekane anamfuata mdogo wake kwa ajili ya fedha, na alipoona karatasi ya kompyuta alijiambia huenda sheria ndivyo ilivyo. Hilo liliniumiza kuliko kosa lenyewe. Karatasi ile ilimfunga mdomo mtu mzima anayejua haki.

Baba mdogo alikasirika. Alisema babu alimsamehe kwa mdomo. Maalim akamuuliza mashahidi, hakuwa nao, na daftari lilikuwa pale juu ya mkeka. Hakunisemesha mpaka Idi. Lakini fedha ziligawiwa kwa karatasi ya pili, na alichukua 1,500,000 yake mbele ya wote.

Kuhusu siku za mwisho za al-Khwarizmi, Tabari anasimulia kisa kimoja cha mwaka 847. Khalifa al-Wathiq aliugua, wanajimu wakaitwa waangalie nyota yake, na katika majina yao limo la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Wakamtabiria aishi miaka 50 mingine. Akafariki baada ya siku 10. Wapo watafiti wanaosema jina lile katika orodha limechanganywa na la mtu mwingine. Kwangu mimi kisa hakimpunguzii kitu. Jedwali la mwendo wa mwezi alilipiga sawasawa, na ajali ya mja haimo katika jedwali. Yeye mwenyewe alifariki karibu na mwaka 850.

Kitabu chake cha al-jabr kilitafsiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester huko Segovia mwaka 1145, na tena na Gerard wa Cremona huko Toledo, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Umoja wa Kisovyeti ulitoa stempu yenye sura yake mwaka 1983 kuadhimisha miaka 1,200 ya kuzaliwa kwake, sura ya kubuni bila shaka, kwani hakuna aliyemchora akiwa hai. Kuna kreta upande wa nyuma wa mwezi yenye jina lake.

Programu yangu sasa inauliza kama kuna mrithi anayedaiwa na marehemu. Inauliza kabla ya jambo lingine lolote, na haikubali kuendelea mpaka ujibu. Imenibidi pia kuongeza ile hali ya deni linalozidi fungu, na kwa hiyo nimeandika hatua za al-Khwarizmi kama zilivyo, kitu na yote.

Siku ya mgawanyo bibi aliniita chumbani, akaitoa ile karatasi ya kwanza kwenye kibindo akanirudishia, akaniuliza ni sheikh gani aliyenionyesha kosa. Nikamwambia si sheikh wa hapa, ni mtu wa Baghdad wa zamani sana, anaitwa Muhammad. Akauliza kama aliacha watoto. Nikamwambia vitabu vimehifadhi hesabu zake tu, watoto havikuwataja. Basi kumbe hana wa kumwombea, akasema, akainua mikono, na mimi nikainua yangu nikaitikia amina.